Mwanamke Akishika Usukani: Somo Kuhusu Hasira za Mashabiki wa Sinema



Somo la toleo hili linahusu sinema. Pengine mtu atauliza: watu wanatafuta maturubai na unga, ninyi mnatuletea sinema? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba vijana wetu wanaangalia filamu hizi katika nyumba za video na katika simu, wanazibishania hadi usiku, na ndani ya ubishi huo kuna mambo ambayo sisi wakubwa tunayakuta kila wiki katika mikutano yetu. Tena ugomvi wa watu wa mbali ni rahisi kuuangalia. Ugomvi wako mwenyewe unauangalia macho yakiwa na moshi.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu mwaka 2015 hivi, filamu kubwa kadhaa za Marekani za sayansi ya kubuni zilimweka mwanamke mbele, mahali ambapo watu walizoea kumwona mwanamume. Mara nyingi baadhi ya mashabiki walikasirika. Wengine walisema tu kwamba hawakuipenda filamu, na hiyo ni haki yao. Wengine waliiacha filamu wakamwandama mwigizaji mwenyewe: sura yake, ngozi yake, mwili wake, asili ya wazazi wake. Katika somo hili tutatafuta hasira hiyo ilitoka wapi, ilikuwa ya watu wangapi kweli, nani aliipepea, na wakubwa walifanya nini.

TUELEWANE KWANZA

Filamu ya sayansi ya kubuni ni hadithi ya mambo ambayo bado hayajawa: vyombo vinavyosafiri kati ya nyota, mashine zenye akili, dunia iliyobaki jangwa baada ya vita vikubwa. Shabiki naye ni zaidi ya mtazamaji. Amekua na hadithi ile. Aliiona na baba yake akiwa mtoto, anajua jina la kila askari na kila chombo, ananunua nguo zenye picha zake. Filamu za Star Wars, ambazo tutazitaja sana, zilianza mwaka 1977. Kuna watu wenye wajukuu leo wanaozishika kama urithi wa ukoo. (Hata Afrika Mashariki ina kipande chake humo. Katika filamu ya mwaka 1983, rubani mmoja mwenye sura ya ajabu alipewa sauti na mwanafunzi Mkenya aliyesema maneno ya lugha za kwao. Wamarekani walidhani ni lugha ya nyota nyingine.)

Tumesikia watu wakisema kwamba mashabiki hao walishtuka kwa sababu hawakuwahi kuona mwanamke shujaa. Si kweli. Mwaka 1979, katika filamu Alien, mwanamke aitwaye Ripley, aliyeigizwa na Sigourney Weaver, ndiye pekee aliyenusurika kati ya wafanyakazi wote wa chombo. Filamu ya pili, ya mwaka 1986, ilimfikisha Weaver kwenye kinyang'anyiro cha tuzo ya Oscar. Mwaka 1991, katika Terminator 2, Linda Hamilton alikuwa mama aliyebeba bunduki kumlinda mwanawe. Wanaume walizipenda filamu hizo na wanazipenda hadi leo.

Kwa hiyo lazima tutafute sababu nyingine, na sisi tunaona mbili. Ya kwanza ni kwamba Ripley alikuja na hadithi yake mwenyewe, hakukalia kiti cha mtu. Nyingi kati ya filamu za baada ya 2015 ziliingia katika hadithi za zamani na kumkabidhi mwanamke nafasi iliyokuwa ya mwanamume. Mtu aliyezoea kiti, akimwona mwingine amekikalia, hahesabu viti vilivyobaki. Sababu ya pili ni mawasiliano. Mwaka 1979 aliyeichukia filamu aliwaambia watu watatu njiani akirudi nyumbani. Leo anawaambia watu laki moja, na mwigizaji mwenyewe anayasoma maneno hayo usiku huo huo kitandani.

LORI LA FURIOSA

Tuanze na filamu Mad Max: Fury Road ya George Miller, mwongozaji kutoka Australia. Ilitoka Mei 2015. Max ni jina la zamani. Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1979. Katika hii mpya dunia imekuwa jangwa. Mbabe mmoja wa vita anamiliki maji, anawafungulia watu kidogo kidogo kutoka juu ya mwamba ili wamwabudu, na amewafungia wanawake vijana watano wamzalie watoto. Furiosa, kamanda wake mwenye mkono mmoja, aliyeigizwa na Charlize Theron, anawaficha wale watano ndani ya lori kubwa na kutoroka nao. Max anawakuta njiani.

Kuna mahali, usiku, Max anajaribu kumpiga risasi adui aliye mbali. Anakosa. Anakosa tena, na risasi zinakwisha. Basi anamwachia Furiosa bunduki. Furiosa anaiegemeza begani mwa Max, anafyatua, anapata. Sisi tunaona filamu nzima iko hapo. Max hakupungukiwa na kitu kwa kutoa bega lake.

Kabla filamu haijaonyeshwa, mwandishi mmoja wa Marekani aliwaita wanaume waisuse. Alisema ni hila: wanaume wanavutwa kwa magari na milipuko, kisha wanafundishwa kumfuata mwanamke. Mwandishi huyo alikuwa hajaiona filamu yenyewe. Neno lake lilifika mbali sana, na wengi waliolifikisha ni wale waliolipinga au kulicheka. Filamu ilipata tuzo 6 za Oscar mwaka 2016.

Kuna jambo hapa ambalo wasomaji wetu wa Kivu wanastahili kulijua. Miller hakutaka wale wanawake watano wawe mapambo. Alimwomba Eve Ensler, mwandishi wa Marekani ambaye siku hizi anajiita V, aende Namibia filamu ilikopigwa, akazungumze na waigizaji kuhusu ukatili wanaotendewa wanawake katika nchi zenye vita. Ensler alikuwa amefanya kazi kwa miaka pamoja na wanawake wa Kongo. Yeye ni mmoja wa waanzilishi wa Cité de la Joie ya Bukavu, nyumba ya wanawake walionusurika ukatili, iliyofunguliwa mwaka 2011. Wenzake katika kuianzisha ni Christine Schuler Deschryver na Daktari Denis Mukwege.

Hatudai kwamba filamu ile ni ya Kongo. Ni filamu ya magari na moto, tena ina damu nyingi, na hatuwashauri kuwaonyesha watoto. Lakini yule aliyewaambia wanaume waisuse, kana kwamba ni uzushi wa wanawake wenye maneno mengi, hakujiuliza hadithi ile imetokana na maisha ya nani. Mtu asiyeuliza swali hilo anaweza kumtukana aliyeumia bila hata kujua kwamba yupo.

BINTI WA WAKIMBIZI

Desemba ya mwaka huo huo wa 2015, Star Wars ilirudi na filamu The Force Awakens. Mhusika mkuu ni Rey, msichana aliyeachwa jangwani na wazazi wake, anayeokota vyuma chakavu ili apate chakula. Aliigizwa na Daisy Ridley, Mwingereza. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 2 duniani, maana yake watu wengi mno waliipenda, wanaume kwa wanawake. Hata hivyo palizuka lawama kwamba Rey anajua kila kitu upesi mno: kurusha chombo, kupigana kwa upanga wa mwanga, kushinda. Wakamwita "Mary Sue".

Jina hilo lina historia yake. Mwaka 1973 mwanamke aitwaye Paula Smith, shabiki wa Star Trek, aliandika hadithi fupi ya mzaha katika jarida la mashabiki. Ilimhusu msichana mdogo asiye na kasoro hata moja, ambaye wakubwa wote wa chombo wanamsifu. Ulikuwa utani wa shabiki kwa mashabiki wenzake waliokuwa wakiandika hadithi za namna hiyo. Miaka zaidi ya 40 baadaye utani ule ukawa rungu, ukamwangukia karibu kila mwanamke aliyeshinda pambano katika filamu.

Je, lawama dhidi ya Rey ilikuwa uongo mtupu? Hapana. Mhusika asiyeshindwa anachosha, awe mwanamume au mwanamke. Ila kipimo kiwe kimoja. Katika filamu ya kwanza, Luke Skywalker ni kijana wa shamba. Siku chache tu baada ya kuondoka kwao anaingia katika chombo cha vita na kuilipua ngome kubwa kuliko zote za adui. Waliomtilia shaka walikuwa wachache.

Sasa tunafika kwa yule aliyeumizwa zaidi. Desemba 2017 ilitoka The Last Jedi, iliyoongozwa na Rian Johnson. Ndani yake yumo Rose Tico, fundi wa kawaida wa chombo ambaye dada yake amekufa vitani. Aliigizwa na Kelly Marie Tran. Wazazi wake walikimbia Vietnam kwa sababu ya vita, yeye akazaliwa California. Alikuwa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Asia kupata nafasi kubwa katika Star Wars.

Matusi yalianza mara. Mtu aliingia katika kamusi ya mashabiki ya intaneti, akalibadilisha jina la Rose kuwa tusi dhidi ya watu wa asili yake. Januari 2018 mtu mwingine, asiyejulikana, alichukua filamu hiyo ya dakika 152, akakata karibu kila mahali penye mwanamke, akatangaza aliyoiita filamu iliyosafishwa. Ilibaki dakika 46. Mwongozaji alipoisikia alicheka, nasi tulicheka kidogo. Lakini yanayochekesha na yanayoumiza yalikwenda pamoja, na Juni 2018 Tran alifuta picha na maneno yake yote katika Instagram.

Agosti 2018 aliandika katika gazeti la New York Times. Tunaeleza kwa maneno yetu aliyoyasema. Matusi yale, alisema, hayakuwa mapya kwake. Yalithibitisha yale aliyokuwa ameambiwa tangu utoto, kwamba mahali pake ni pembeni. Akiwa na umri wa miaka 9 aliacha kusema Kivietnam kwa sababu alichoka kuchekwa na watoto wenzake. Wazazi wake nao walikuwa wamechukua majina ya Kimarekani ili wengine wasipate taabu kuwatamka. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba alianza kuyaamini maneno yale ya kumdharau. Mwishoni aliwaambia wasomaji jina alilopewa na wazazi wake: Loan.

Tunaomba msipite haraka hapa. Katika familia zetu zilizohama kuna watoto walioacha kusema lugha ya kwao shuleni ugenini, kwa sababu ya kicheko kile kile. Kuna baba aliyefupisha jina lake ili asiulizwe ametoka wapi. Mtoto wa namna hiyo hukua akiwa na jeraha lisiloonekana, na tusi la leo linapata mlango uliokwisha kufunguliwa. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kutukanwa tusi moja, mmoja akalala usingizi na mwingine asilale.

WALIKUWA WANGAPI?

Ukisikiliza kelele za mwaka 2018, ungesema dunia nzima imeichukia filamu. Mtafiti Morten Bay wa Chuo Kikuu cha Southern California alichambua ujumbe 967 uliotumwa kwa mwongozaji Johnson kupitia Twitter. Alikuta kwamba ulioipinga filamu ulikuwa zaidi kidogo ya mmoja kati ya kila mitano. Kisha akakadiria kwamba zaidi ya nusu ya huo ulitoka kwa watu wenye ajenda ya siasa, kwa wachokozi waliojificha, au kwa akaunti zilizoendeshwa na mashine. Utafiti ni mmoja, wa mtandao mmoja, na wapo waliobishana na namna ulivyofanywa. Lakini kiongozi yeyote aliyewahi kuendesha mkutano anaifahamu hali hiyo: watu wanne wanaopiga kelele nyuma wanaweza kumfanya mgeni aseme kwamba umati umekataa.

Na kelele ina biashara yake. Katika YouTube, video inayoangaliwa sana inamletea mwenyewe fedha za matangazo, na video ya hasira inaangaliwa sana. Watu kadhaa waligundua kwamba kila mwanamke mpya katika filamu ni bidhaa ya wiki nzima. Hawa hawakuwa na haja ya ugomvi kwisha. Tuwaweke akilini, maana hata katika migogoro ya ardhi na ya misaada wapo watu ambao amani ingewakosesha kitu.

Tutaje kwa ufupi visa viwili vingine. Mwaka 2016 filamu ya kuchekesha ya Ghostbusters, ya wanasayansi wanaonasa mizimu, ilitengenezwa upya, safari hii kwa wanawake wanne. Mmoja wao, Leslie Jones, ni Mmarekani mweusi. Julai mwaka huo mchochezi mmoja mwenye wafuasi wengi alimdhihaki, na wafuasi wakamiminika kwa Jones na matusi ya rangi, wakimfananisha na nyani. Yule mchochezi mwenyewe hakuhitaji kuandika matusi mengi. Alionyesha kidole, wengine wakatupa mawe. Twitter ilimfungia moja kwa moja. Mwezi uliofuata tovuti ya Jones ilivamiwa na picha zake za faragha zikatolewa hadharani. Filamu yenyewe, tuseme ukweli, haikuwa nzuri sana, na haikurudisha gharama zake vizuri. Hilo halina uhusiano wowote na haki ya mtu kutofananishwa na mnyama.

Kisa cha pili ni Captain Marvel, iliyotoka Machi 2019. Brie Larson, mhusika mkuu, alikuwa amesema kwamba angependa kuona wanawake zaidi na watu wa rangi mbalimbali miongoni mwa waandishi wanaohoji na kuchambua filamu. Neno hilo liligeuzwa likawa kwamba hataki wanaume weupe waende kuiona filamu. Hakusema hivyo. Lakini uvumi ulikwisha kutembea, na watu wengi waliingia katika tovuti ya Rotten Tomatoes kuiponda filamu ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Februari 2019 tovuti iliondoa nafasi ya watu kutoa maoni kabla ya filamu kutoka. Mei mwaka huo ikaanza kuyaonyesha kando maoni ya wale waliothibitika kununua tiketi. Hii tunaipenda. Hawakumnyamazisha mtu kwa sababu ya mawazo yake. Walidai tu kwamba anayeshuhudia awe ameona. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.1.

WAKUBWA WALIKUWA WAPI?

Hapa ndipo hukumu yetu ni nzito kidogo. Wakati Tran akitukanwa, mwongozaji Johnson na waigizaji wenzake kadhaa walimtetea kwa majina yao. Mashabiki pia walimtetea: walichora picha za Rose na kuzisambaza, na Aprili 2019, katika mkutano mkubwa wa mashabiki mjini Chicago, watu walisimama na kumpigia makofi hadi akatokwa na machozi. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wengi husema "mashabiki walimfukuza". Waliomkumbatia walikuwa mashabiki vilevile.

Lakini Desemba 2019 ilipotoka filamu iliyofuata, The Rise of Skywalker, Rose alionekana kwa muda wa sekunde 76 hivi katika filamu ya dakika 142. Mmoja wa waandishi wa filamu alieleza kwamba kulikuwa na sababu za kiufundi, na pengine ni kweli. Kwa waliomtukana, ilionekana kama ushindi. Mtu anapoonewa hadharani, kisha nafasi yake ikapunguzwa kimya kimya, waonevu hawahitaji tangazo ili waelewe.

Mwaka 2022 mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Moses Ingram, mwanamke mweusi, aliigiza katika mfululizo wa televisheni wa Obi-Wan Kenobi. Kabla haujatoka, kampuni ilikuwa imekwisha kumwonya kwamba huenda akatukanwa. Matusi yalipokuja aliyaonyesha hadharani, na ukurasa rasmi wa Star Wars ukatoa maneno ya kumtetea. Ewan McGregor, mhusika mkuu wa mfululizo huo, mtu anayependwa na mashabiki wa zamani, alijirekodi kwenye video akasema kwamba wanaotuma matusi hayo si mashabiki wa Star Wars machoni pake. Je, matusi yaliisha? Hapana, mwaka 2024 mwigizaji mwingine mweusi, Amandla Stenberg, aliyapata katika mfululizo wa The Acolyte. Ila Ingram hakubebeshwa mzigo peke yake, na kijana aliyekuwa akisitasita alijua McGregor anasimama upande gani.

Tran naye hakutoweka. Mwaka 2021 alitoa sauti ya mhusika mkuu katika Raya and the Last Dragon ya Disney, hadithi ya nchi moja iliyogawanyika makabila matano yasiyoaminiana. Hiyo inafaa kuangaliwa na watoto wenu, mkiipata.

KUKOSOA SI DHAMBI

Kuna hatari nyingine ambayo hatutaki kuificha. Baada ya visa hivi baadhi ya watengenezaji na watetezi wa filamu walianza kumjibu kila mkosoaji kwamba anachukia wanawake. Hilo si haki, tena linaongeza moto. Mtu mwenye hoja akiitwa mwenye chuki mara tatu, mara ya nne huenda akaketi na wenye chuki, kwa kuwa ndio peke yao wanaomkaribisha.

Tazameni Mark Hamill, aliyemwigiza Luke tangu 1977. Alimwambia mwongozaji wa The Last Jedi uso kwa uso kwamba hakubaliani na njia aliyochaguliwa Luke, akalisema na hadharani. Kisha akaifanya kazi kwa nguvu zake zote, na baadaye akasema anajuta kuutoa ubishi huo nje. Hakumtukana mtu. Alizungumza juu ya hadithi, akabaki juu ya hadithi.

Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza. Sikiliza neno linamgusa nani. "Mapigano haya hayaaminiki", hilo linaigusa filamu. "Mhusika huyu hana kasoro, ananichosha", hilo bado linaigusa filamu. "Mwanamke hawezi", hapo tumetoka katika filamu na kuingia katika wanawake wote. "Mtazameni sura yake", hapo tumefika kwa mtu mmoja mwenye jina na mama yake. Mara nyingi anayezungumza haoni alipovuka mpaka, kwa kuwa hasira yake ni ile ile tangu mwanzo. Anayesikiliza ndiye anayeweza kumwambia.

TUNAPORUDI KATIKA MIKUTANO YETU

Tumeona mara nyingi jambo hili. Mwanamume anashika orodha ya mgawanyo, anakosea, watu wanagombana juu ya orodha. Mwaka unaofuata mama anashika orodha, anakosea kosa lile lile, na kufikia jioni watu wanazungumza juu ya ndoa yake, mavazi yake, na nani alimpatia kazi. Orodha imesahauliwa. Wenye njaa ambao majina yao yalirukwa nao wamesahauliwa, na hapo hasara inakuwa mbili. Siku hizi maneno hayo hayangoji jioni. Yanazunguka kwa sauti zilizorekodiwa katika simu, na mama anayasikia kabla hajafika nyumbani.

Mjumbe wa kamati anayesikia hayo na kunyamaza huenda anafikiri anaepuka ugomvi. Mama yule anahesabu waliokuwepo na hawakusema.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

Gawanyikeni vikundi vya watu sita au nane, wanaume na wanawake pamoja, na vijana wasiachwe nje. Mwenyekiti wa kikundi asiwe yule anayesema sana siku zote.

1. Kumbukeni lawama moja iliyotolewa hapa hivi karibuni dhidi ya mwanamke mwenye wajibu. Msitaje jina lake. Ni maneno gani yaliigusa kazi, na ni maneno gani yalimgusa yeye? Mngeyasema yote kwa mwanamume aliyefanya kosa hilo?

2. Katika habari ya Captain Marvel, watu waliiponda filamu ambayo haijaonekana. Ni habari gani mliyoipata kwa simu mwezi huu ambayo aliyeituma hakuiona kwa macho? Mlifanya nini nayo?

3. Swali la wazee na viongozi. McGregor alikuwa na heshima kwa mashabiki wa zamani, akaitumia. Hapa kambini, vijana wanamsikiliza nani hata akiwakemea? Je, mtu huyo anajua kwamba anasubiriwa?

4. Mwanamume mmoja katika kikundi aeleze, kama yuko tayari, siku ambayo nafasi aliyoizoea ilipewa mtu mwingine. Alihisi nini? Wengine wamsikilize mpaka amalize, wasimjibu. Hasira isiyosikilizwa popote hutafuta mahali pa kwenda.

5. Wazazi: mtoto wako anasema lugha gani anapokuwa na wenzake, na aliacha lini kusema ile ya nyumbani? Mwulizeni mkirudi leo, kwa upole, na mtuletee majibu katika mkutano ujao.